Lubumbashi: klabu ya ndege imechukua makuta (pesa) yangu, kitabu cha ndege hawataki nikione

Wandugu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mtoto wa Kamalondo. Leseni ya rubani binafsi niliipatia Afrika Kusini, na tangu nirudi Lubumbashi ninatafuta kitu kimoja: klabu ya marubani yenye ndege ndogo ya wanachama, mahali mtu analipa ada yake, analipia saa anazoruka, na anajibiwa anapouliza. Nilichopata ni kuzungushwa na kuliwa makuta.

Kuipata tu hiyo klabu ilikuwa kazi. Hakuna bango, hakuna ofisi yenye saa za kufungua, hakuna namba iliyoandikwa popote. Unaenda upande wa Luano, uwanja wetu wa ndege, unauliza, unatumwa kwa papa fulani. Papa fulani anasema muone bwana mmoja wa migodini. Huyo bwana anataka kwanza kujua nani amekutuma na baba yako ni nani. Baba yangu anahusika vipi na kutua kwa ndege? Nairobi kuna Aero Club of East Africa, imeanzishwa 1927, na mtu yeyote akifika uwanja wa Wilson ataonyeshwa mlango wake. Sisi hapa, mji wa migodi na dola, mlango unaonyeshwa kwa wanaojuana.

Mwishowe nikafika kwa kikundi kimoja. Jina lake sitaliandika. Katibu, mzee wa heshima kwa kumtazama, alinipokea vizuri: «Karibu mwanangu, hapa ni familia.» Halafu akasema kiingilio ni dola, mkononi, siku hiyo hiyo. Alizishika noti zangu moja moja akiziinua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia moja kwa sababu ukingo wake ulikuwa umechanika kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Nikabadilisha. Risiti niliyopewa ni kipande cha karatasi ya daftari la shule, hakina muhuri, hakina namba, sahihi yake haisomeki.

Kabla ya kulipa niliuliza kwa adabu zote. Papa Katibu, naomba kuona sheria za klabu. Saa moja ya kuruka ni kiasi gani, na mafuta yamo ndani ya bei hiyo au nanunua mwenyewe? Bima inamlinda nani, ndege peke yake au na rubani na aliyekaa kando yake? Nikiharibu gurudumu wakati wa kutua, sehemu yangu ni ipi? Jibu likawa lile lile kwa kila swali: «Hayo utayaona ukishakuwa mwanachama.» Nikalipa, kwa sababu njia nyingine hawakuiacha. Baada ya hapo jibu likageuka: «Subiri komiti ikae.» Komiti haikai. Simu inaita mpaka inakatika.

Siku waliyonionyesha ndege ndiyo iliyoniudhi kuliko yote, na hapa naomba mnisome taratibu. Ni Cessna 172, ya zamani, na uzee si kosa, ndege za aina hiyo zinaruka miaka mingi zikitunzwa. Lakini ule mrija mwembamba chini ya bawa, unaopokea upepo ili kipimo cha kasi kifanye kazi, haukuwa na kifuniko. Nikainama, nikachungulia: tundu limezibwa na udongo mkavu wa nyigu. Nyigu wameshajenga nyumba. Ndege ya namna hiyo inakimbia uwanjani huku sindano ya kasi imelala kwenye sifuri, na rubani asipokuwa makini anagundua akiwa tayari angani, hajui kama yuko karibu kuanguka au la. Nilipomwonyesha kijana wa hanga, yaani banda la ndege, akachukua kijiti akitaka kuuchokoa. Nikamzuia, kwa sababu ukichokoa unausukuma udongo ndani zaidi. Inatakiwa fundi afungue, asafishe, apime.

Nikaomba kitabu cha ndege, kile kinachoandikwa saa na matengenezo yake. Rubani ana haki ya kujua injini ina saa ngapi tangu ifanyiwe matengenezo makubwa, na mara ya mwisho ilikaguliwa lini. Lycoming wenyewe, wanaotengeneza injini za nyingi ya ndege hizi, wanasema oili ya injini yenye kichujio ibadilishwe kila saa 50 au kila miezi 4, lolote litakalotangulia, hata ndege ikiwa imelala. Injini inayolala inaota kutu ndani, hasa hapa kwetu mvua ikianza mwezi wa kumi na moja. Karatasi iliyofungwa kwa waya kwenye injini ilikuwa imefifia, tarehe haisomeki. Na kitabu? Kiko kwa rais wa klabu. Rais yuko safari.

Kuna jambo la tatu. Nilijifunzia pwani, karibu na usawa wa bahari. Luano iko kama mita 1,300 juu. Mwezi wa kumi, joto likifika nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inapaa kana kwamba uwanja uko mita zaidi ya 2,200. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu, inakula uwanja mrefu kabla ya kuinuka, na inapanda polepole. Luano yenyewe ina zaidi ya kilomita 3 za lami, haitakuonea. Ila ukitaka kutua kiwanja kifupi cha udongo huko njiani Kolwezi na watu wawili nyuma, hesabu hiyo ndiyo uhai wako. Kwa hiyo nikaomba mwalimu aruke nami kwanza kabla ya kunipa ndege. Wakanijibu: «Wewe si una leseni?» Klabu yoyote inayojali watu wake ingenilazimisha mimi kuruka na mwalimu. Hapa mimi ndiye ninayewaomba, nao wanaona ni usumbufu.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya matajiri, watu wa Ruashi hawana maji wewe unalilia ndege. Nawaheshimu, lakini sikubali. Rubani wa shirika hazaliwi na ndege kubwa. Anaanza na leseni binafsi, saa 40 kwa kanuni za kimataifa, kisha anakusanya mpaka kama 200 ndipo afikirie leseni ya kibiashara, na saa hizo kijana wa Kampemba ataziokota wapi kama klabu ni siri ya watu kumi? Mashirika ya ndege ya nchi yetu yamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyopigwa marufuku kuruka kwao, tangu orodha hiyo ianze 2006. Tabia ya kuficha kitabu cha matengenezo haianzii kwenye mashirika. Inaanzia kwenye hanga kama hii, kwa kijana mwenye kijiti.

Ninachodai ni hiki: wanirudishie kiingilio changu chote, au waweke mezani sheria, bei ya saa, karatasi ya bima na kitabu cha ndege, nisome kabla sijagusa usukani. Ndege ile isiruke na mtu yeyote mpaka mrija ule upimwe na fundi mwenye kibali. Hilo la mwisho nimewaandikia kwa barua na nimebaki na nakala.

Marubani binafsi mlioko hapa, Likasi au Kolwezi, jitokezeni. Tukipatikana watano au sita wenye leseni na cheti cha daktari vinavyofanya kazi, tunaweza kuchangia ndege moja, kila kitu kikiwa kimeandikwa kabla mtu hajatoa hata dola moja. Na aliyewahi kurudishiwa pesa na kikundi cha namna hii, aandike alipitia wapi: mahakama, mwanasheria, au mkubwa wa mtaa.