Return of the Secaucus 7: nimeirudia, nikaona filamu nyingine kabisa

Wakuu, juzi usiku nimeirudia hii filamu ya John Sayles. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 22, ikanichosha: watu wanaongea tu. Sasa nina 41 na sikunyanyuka kitini. Marafiki wa zamani wanakutana wikendi moja New Hampshire, kwa Mike na Katie, wote walimu. Zamani walikamatwa pamoja kule Secaucus, New Jersey, wakielekea kwenye maandamano Washington. Kisa ni hicho tu. Lakini ule mchezo wa kikapu! Mrefu, jasho tupu, na yale ambayo wanaume wale wameshindwa kuambiana mezani yanatokea kwenye viwiko. Nilipokuwa kijana nilipeleka mbele kipande hicho. Je, ni umri wangu, au ilitengenezwa ili imsubiri mtazamaji akue?

JIBU: Umri upo, mkuu, ila na mfuko pia. Sayles alikuwa akimwandikia Roger Corman, mtayarishaji wa filamu za bei nafuu, miswada ya filamu, Piranha ya 1978 ikiwemo, akatumia pesa hizo kutengeneza yake, kama dola 60,000. Waigizaji aliowafahamu walikuwa wanakaribia miaka 30, ndiyo maana akaandika habari za watu wa umri huo. Kamera hakuweza kuizungusha sana, kwa hiyo akaweka wahusika wengi na kuruka kutoka maongezi haya kwenda yale. Uhariri kaufanya mwenyewe.

JIBU: Watu huilinganisha na The Big Chill ya 1983, filamu nyingine ya marafiki wa zamani wanaokutana tena. Mimi nabaki na hii kwa sababu ya wale ambao hawakuondoka mjini: Ron, fundi magari, anayechezwa na David Strathairn akiwa bado hajulikani, na Howie mwenye watoto, anayechezwa na Sayles mwenyewe. Wageni wanazungumzia maisha, hao wawili kesho wana kazi.

MUULIZAJI: Howie! Ahsante, nilikuwa nimempita. Usiku ule macho yangu yalikuwa kwa Jeff tu, mmoja wa wale marafiki. Kile kipande cha mwishoni, yuko peke yake anapasua kuni. Anapasua, anapasua, hasemi neno, na shoka linashuka kwa nguvu kuliko gogo linavyohitaji. Nilirudisha nyuma mara mbili. Leo naiweka tena, nimwangalie Howie.