Begi la mkononi jepesi la kupandia ndege, kilo 7 zinaishia kwenye begi lenyewe. Naombeni ushauri

Nyakato_Mama:

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa wanaosafiri sana kwa ndege na wale wanaojua mabegi. Panapo majaliwa mwezi wa pili naenda Uingereza kwa mdogo wangu, kajifungua. Natoka Mwanza kwa ndege ya ndani mpaka Dar, alafu Dar – Doha – London na Qatar. Tiketi ni mbili tofauti, ya ndani nimekata mwenyewe na hiyo kubwa kakata shemeji.

Mzigo wa chini haunisumbui, kilo nilizopewa zinatosha vitenge na vitu vya mzazi. Kinachonisumbua ni begi la mkononi. Mimi natumia dawa za presha kila siku, nina laptopu ya kazi, nina vyeti na makaratasi ya viza, jaketi zito maana kule ni baridi kali kipindi hicho, na nguo za kubadilisha siku mbili ikitokea mzigo wa chini umechelewa. Vyote hivyo lazima niwe navyo mwenyewe, siwezi kuviweka chini.

Leo nimepita maduka ya pale Makoroboi nikaonyeshwa begi la plastiki gumu la matairi manne, linang'aa kweli na linateleza lenyewe, muuzaji anasema ni "saizi ya ndani ya ndege". Lingine la kitambaa la matairi mawili, halina mvuto sana. Na bei ya lile gumu ni karibu mara mbili ya la kitambaa. Mwingine akaniambia achana na matairi chukua begi la mgongoni. Nimerudi nyumbani kichwa kinauma. Nichukue lipi na niangalie nini hasa?

FundiMabegi_Kkoo:

Dada usinunue kwanza. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mabegi Kariakoo, na kitu ambacho wateja wengi hawaulizi kabisa dukani ni hili begi likiwa tupu lina kilo ngapi. Wanauliza rangi, wanauliza bei, wanauliza kama lina namba za kufungia. Uzito hakuna. Sasa wewe umepewa kilo 7, begi likiwa na kilo 3 na nusu likiwa tupu maana yake nusu ya haki yako umeshaibebea plastiki, laptopu na chaja zinakula kilo 2 nyingine, unabaki na kilo moja na nusu ya kugawana kati ya dawa, nguo na makaratasi. Jaketi hata huliwazi hapo. Lakini begi lenye kilo 2 tupu linakurudishia kilo moja na nusu nzima, hiyo ni nguo za siku mbili.

Sasa uzito unakaa wapi. Watu wanadhani uko kwenye gamba, hapana, sehemu kubwa iko kwenye matairi, mkono wa kuvuta na zile fremu za ndani. Matairi manne yana vikombe vyake vinne vya kuzungukia, skrubu zake, na mkono wa kuvuta wenye bomba mbili nene. Chungulia ndani, fungua zipu ya bitana, utaona mwenyewe. Mkono ukiwa wa aluminiamu ni mwepesi, ukiwa wa chuma begi linakuwa zito bure na bado unapata kutu.

Kuhusu gamba, plastiki ziko za aina tatu kwenye soko letu. Kuna ABS, hii ndiyo mengi ya bei ya chini, ni ngumu lakini haipendi kugongwa, ukiibonyeza inafanya alama nyeupe na ukiiangusha kona inapasuka, na ufa wa ABS mimi nauziba tu, hautoki. Kuna polikaboneti, hii inabonyea na kurudi, ukiweka dole gumba katikati ukakandamiza inaingia ndani kidogo na ukiachia inatoka bila alama. Ni bora ila bei yake iko juu. Na kuna polipropilini, plastiki ile ile ya viti vyeupe vya harusini, kati ya hizo tatu ndiyo nyepesi zaidi na ni ngumu kuvunjika. Muuzaji akikwambia "hii haivunjiki" muulize ni ipi kati ya hizo, na asome lebo ya ndani mbele yako.

Kwa safari yako mimi ningechukua la kitambaa, matairi mawili. Kwanza kitambaa ni chepesi na lina mifuko ya nje unatoa makaratasi bila kufungua begi zima. Pili matairi mawili yamezama ndani ya begi kwahiyo hayaongezi urefu, yale manne yananing'inia chini na yanahesabiwa kwenye kipimo. Tatu barabara zetu, dada, matairi manne ni ya sakafu ya marumaru, ukiyaburuta kwenye kokoto kutoka stendi yanavunjika shingo, mimi napokea mengi sana ya hivyo. Yule rubani wa Northwest kule Marekani, Robert Plath, aliyetengeneza begi la kusimama wima la kuvuta kwa mkono mwaka 1987, alilitengeneza na matairi mawili.

Angalia pia zipu. Ivute mara kadhaa kwenye kona, ikikwama dukani tupu itakwama zaidi ikijaa.

Muuguzi_Leicester:

Naunga mkono fundi asilimia zote, ila naongeza vipimo kwasababu hapa ndo watu wanaumia. Dada Nyakato, hakuna "saizi ya ndani ya ndege" moja ya dunia nzima. Kila shirika lina lake. Qatar daraja la kawaida ni kilo 7 na vipimo ni sentimita 50 kwa 37 kwa 25. Soma vizuri hiyo 50. Mabegi mengi yanayouzwa kama ya kebini yametengenezwa kwa urefu wa 55 kwasababu mashirika mengi ndo yanataka hivyo, Emirates 55 kwa 38 kwa 22 na kilo 7, Turkish 55 kwa 40 kwa 23 na kilo 8, Ethiopian nao kilo 7, KLM 55 kwa 35 kwa 25 lakini wanakupa kilo 12 ukijumlisha na kibegi kidogo. British Airways ni 56 kwa 45 kwa 25 na wanaruhusu mpaka kilo 23 kama unaweza kulinyanyua mwenyewe. Kwahiyo anayesafiri na British atakwambia begi lake ni zuri halina shida na ni kweli kwake, kwako wewe likakataliwa kaunta. Usifuate begi la mtu, fuata tiketi yako, na ukiwa na ndege mbili fuata ile yenye masharti magumu zaidi.

Na kipimo kinaanzia chini ya tairi mpaka juu ya mkono ukiwa umeshushwa. Lebo ya dukani mara nyingi inapima gamba tu. Beba futi ya fundi cherehani, ni rahisi na hakuna atakayebishana na wewe.

Kuhusu jaketi usilipakie. Livae. Dar ni joto najua, lishike mkononi mpaka uingie ndani ya ndege, ndani kuna baridi utalihitaji. Viatu vizito pia vaa. Mifuko ya jaketi inabeba simu, chaja, miwani, hayo yote yametoka kwenye kilo 7 na hakuna sheria uliyovunja.

Dawa ziache kwenye boksi zake na cheti cha daktari, usizihamishie kwenye vikopo ili kupunguza nafasi, uzito wake ni mdogo tu na ukiulizwa huku unaonyesha jina lako. Vya majimaji kila chupa isizidi mililita 100, hii sheria ilianza 2006 na ingawa viwanja kadhaa vya huku kama Edinburgh na Birmingham vimelegeza tangu 2025, wewe unapita ukaguzi Dar na tena Doha kwahiyo shika hiyo 100. Mafuta na losheni nunua huku, vipo vya kila aina. Ule mfuko mdogo wa zipu wa kuwekea vichupa unaruhusiwa Tanzania hata baada ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019, ila wakati wa kurudi usije na mifuko ya rambo ya madukani, acha huku huku.

kamau_wa_safari:

Mimi niko Nairobi na naona nyinyi wote mmesahau begi ya mgongo. Dada, begi ya mgongo nzuri haifiki hata kilo moja tupu. Hapo umeokoa kilo nzima ukilinganisha na hiyo ya kitambaa ya magurudumu mawili. Na hakuna gurudumu ya kuvunjika, hakuna mkono ya kukwama. Ukiwa na begi laini pia unaweza kuisukuma kwa ile sanduku ya kupimia, inajikunja kidogo, plastiki ngumu ikizidi sentimita mbili imezidi, haina mazungumzo.

Kitu ingine, mtu wa kaunta anaangalia vile unabeba. Mtu anavuta begi inalia krrr krrr anaambiwa aweke kwa mizani. Mtu ako na begi mgongoni na anatembea wima mara nyingi anapita. Siwaambii mpitishe uzito, nawaambia tu vile nimeona.

Pia kama unanunua pawabenki nunua ndogo. Ya 10,000 mAh iko karibu gramu 200, ya 20,000 ni kama mara mbili. Zote zinaruhusiwa, ya 20,000 ni kama Wh 74 (Wh ni kipimo ya nishati ya betri) na mwisho ni Wh 100 bila kuomba ruhusa, lakini uzito unabeba wewe.

Muuguzi_Leicester:

Kaka Kamau hapo kwa kijana sawa, lakini huyu ana presha na anasubiri Doha masaa kadhaa, uwanja ule ni mkubwa, kutoka geti moja mpaka jingine unaweza kutembea robo saa na zaidi. Kilo 7 mgongoni kwa mtu ambaye hajazoea, na amekaa ndani ya ndege usiku kucha, mimi nisingemshauri. Matairi siyo anasa kwake. Kama mgongo na mabega viko vizuri basi la mgongoni ndo jepesi kuliko yote, hapo sikupingi.

Nyakato_Mama:

Jamani asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimerudi Makoroboi na futi na ile mizani ndogo ya kuning'iniza nimeazima kwa jirani anayeuza samaki. Muuzaji alishangaa lakini akaniruhusu. Lile gumu la matairi manne lebo inasema 55, na matairi limefika 58, na tupu lina kilo 3.2! La kitambaa ni 49 kwa 35 kwa 22, kilo 2 na gramu chache. Muuzaji mwenyewe akaomba apime na mengine, tukakuta mabegi mawili yanayofanana sura kabisa yanapishana karibu nusu kilo kwasababu moja mkono wake ni chuma.

Nimelipenda la kitambaa sasa. Ila lina zipu ya kulipanua katikati, hiyo ni nzuri au mbaya? Na kingine, hii ndege ya Mwanza – Dar nimeambiwa inaweza kuwa ile ndogo ya mapanga, mabegi yanachukuliwa mlangoni. Dawa zangu je?

MzeeWaTransiti:

Marahaba mwanangu kama ungenisalimia. Nimesoma yote, vijana wamekushauri vizuri, la kitambaa chukua.

Ile zipu ya kupanua ifunge na uisahau wakati wa kwenda. Ukiifungua begi linatoka sentimita 22 linakwenda 26 au 27, limeshatoka kwenye 25 ya Qatar, na likipanuka unalijaza, likijaa linapita kilo 7. Faida yake ni ukifika kwa mdogo wako, unaitumia kama kabati.

Sasa hilo la ndege ndogo ndilo lililonifanya niandike. ATR na zile Dash 8, ndizo hizo ndege za mapanga, sehemu ya juu ya kuweka mabegi ni nyembamba, begi la matairi mara nyingi haliingii, kwahiyo mnaambiwa muyaache chini ya ngazi yawekwe nyuma na mtayakuta pale pale mkishuka. Si jambo la kuogopa. Lakini kabla ya kulikabidhi toa vitu vitatu: dawa, makaratasi na pawabenki. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kukaa sehemu ya mizigo kwenye ndege yoyote ile, ikishika moto kule hakuna wa kuizima, ndani ya kebini wahudumu wanaiona. Watu wengi wanakabidhi begi mlangoni na pawabenki imo ndani kwasababu wakati wa kupakia ilikuwa begi la mkononi. Na laptopu nayo toa, ile haipendi kurushwa.

Ndiyo maana mimi ndani ya begi la matairi huweka kipochi chepesi cha kitambaa chenye mkanda wa begani, kile cha kukunja. Vile vitu vinakaa humo tangu nyumbani. Wakisema leta begi, unachomoa kipochi unavaa begani, unakabidhi lililobaki, huanzi kupekua nguo mbele za watu kwenye jua la uwanja. Kipochi chenyewe hakifiki hata gramu 200. Kushona mpelekee fundi yeyote wa mapazia hapo Mwanza, mwambie kitambaa cha mwavuli au cha hema, siyo jinzi, jinzi ni nzito.

Na kwasababu tiketi zako ni mbili mbali mbali, ukishuka Dar unachukua mzigo wako wa chini mwenyewe na kuupeleka kaunta ya Qatar upya, jengo la tatu, wakati ndege za ndani zinatua jengo la pili. Siyo mbali lakini ni safari ya gari ukiwa na mizigo. Acha masaa ya kutosha, usipange ndege ya ndani ya mwisho inayokubana.

Nyakato_Mama:

Shikamoo mzee, nisamehe sikuwa nimekuona humu. Kipochi nakipeleka kushonwa kesho, kuna fundi hapa Nyegezi ana kitambaa cha hema. Ndege ya ndani nimeihamishia ya asubuhi.

FundiMabegi_Kkoo:

Dada ukipata la kitambaa, kabla ya kulipia ligeuze chini uone matairi yamefungwa kwa skrubu au kwa ribiti. Chukua la skrubu. La ribiti tairi likifa inabidi nitoboe kwa drili, la skrubu nabadilisha dakika kumi na unaondoka.