Wakuu, siku 14 Ulaya mwezi wa nane: Roma, Lisbon au Athens?

MkaaKivulini: Wakuu, habari za jioni. Nina siku 14 za Ulaya kuanzia tarehe 8 mwezi wa nane. Bajeti ya kawaida, si ya kifisadi. Nimebakiza Roma, Lisbon na Athens, nashindwa kuamua mpaka usingizi umekata. Mliofika naombeni mwanga. Matusi hapana.

Baharia Mstaafu: Athens mwezi huo utaiva kama muhogo. Julai 2023 walikuwa wanaifunga Acropolis, yale magofu yao ya kilimani, mchana kwa joto. Roma nako moto, ila kuna vibomba vya chuma mitaani vinatiririsha maji ya kunywa bure. Wageni wanainama wakinge viganja. Mwenyeji anaziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka kupitia katundu ka juu, anakunywa kasimama. Kuna bibi alinifundisha baada ya kunicheka mpaka akakaa chini. Meli yetu mwaka ule ilikwama bandari ya Civitavecchia, jirani na Roma, siku tisa, nahodha akawa...

Chapati Baridi: Baharia kashaanza. Leteni viti.

Mzee wa Busara Nusu: Kilwa Kisiwani umefika? Hujafika. Magofu yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981, wewe unakimbilia magofu ya watu.

Dada Viza: Viza unayo? Ya nchi gani? Unaenda na nani?

MkaaKivulini: Viza iko kwenye mchakato. Naenda na mtu wangu wa karibu.

Chapati Baridi: Mchepuko huo.

Dada Viza: Mchakato wa ubalozi gani? Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi. Zikilingana, kwa ile unayoingilia. Ada euro 90, bima isipungue euro 30,000, na maombi yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ukificha, tutakushauri hewa.

MkaaKivulini: Haya. Dada yangu yuko Hamburg, kajifungua. Kamwalika bi mkubwa akamwone mjukuu, mimi namsindikiza maana hajawahi kupanda ndege. Udhamini wa Ujerumani, tiketi kalipa dada. Sasa siku 14 nikae naangalia nepi? Hamburg nitakaa tatu. Chumba cha Roma nimeshalipia usiku sita, hela hairudi. Tano zilizobaki ndizo sijui Lisbon au Athens. Bi mkubwa atakuwa na mjukuu, hata hatanikumbuka.

Mama Mapacha: Hatakukumbuka? Mama yetu alikwenda kwa mdogo wangu Rotterdam. Saa tatu usiku mwanga bado, yeye kakaa dirishani na kanga mabegani, anasubiri giza ndiyo akubali kula. Siku ya nne ananipigia Morogoro kuniuliza kama huku kumeshakuchwa. Na dada yako hakukulipia tiketi ukapige picha, mzazi anataka mikono.

MkaaKivulini: Dada mwenyewe hajalalamika.

Mama Mapacha: Umemwambia?

MkaaKivulini: Nitamwambia tukifika.

Mpelelezi wa Jukwaa: Samahani wakuu. Machi huyu alileta uzi hapa, tajiri kamnyang'anya pikipiki ya mkataba, anaomba ushauri. Leo anachagua kati ya Lisbon na Athens. Hii ni chai. Weka picha ya tiketi.

Chapati Baridi: Chai ya rangi kabisa. Nafuata vitumbua.

MkaaKivulini: Pikipiki nilirudishiwa, nikamaliza mkataba. Mwendesha bodaboda hana dada? Mimi hapa nina balaa jingine, bi mkubwa kajaza ndoo ya samli ya mzazi na dagaa wa Kigoma, anasema bila samli hapandi ndege.

Mpelelezi wa Jukwaa: Samli? Basi nafuta kauli. Mtunga chai hafikiri ndoo ya samli.

Dada Viza: Samli ni maziwa, nyama na maziwa toka nje hawaruhusu, wataichukua uwanjani. Dagaa wakavu sawa, wasizidi kilo 20. Na wewe, ukiandika Hamburg siku 14 huku umelipia Roma, ni uongo, ukikataliwa inabaki kwenye mfumo wao. Ukiandika ukweli wako, nchi yako ni Italia na udhamini wa Ujerumani haukusaidii. Gawa: Hamburg nane, Roma sita. Na mpigie dada leo.

MkaaKivulini: Asante dada. Kwa hiyo Lisbon hapana kabisa? Hata siku mbili?