Mjadala: Mwanafunzi wa chuo alipe nusu nauli kwenye mabasi ya mkoani?

Mtoa mada
Wakuu, vyuo vinafungwa na stendi ya Mbezi Luis itafurika. Kwenye daladala mwenye sare ya shule analipa 200. Wa chuo analipa kama mtu mzima, mjini hadi mkoani. Hoja yangu: LATRA, mamlaka inayopanga nauli za mabasi, iweke nusu nauli kwa mwenye kitambulisho hai cha chuo, angalau wiki za kufunga na kufungua. Mnasemaje?

Mzee wa Madaraja
Siungi mkono. Anzeni na haki mliyonayo tayari. Nauli elekezi za Desemba 2023 ni sh 48.47 kwa kilomita daraja la kawaida, 67.84 daraja la kati. Dar–Mbeya ni kama kilomita 830: kawaida 40,200, kati 56,300. Anayelipa 60,000 kwenye basi la kawaida amepigwa karibu elfu 20, na hiyo nusu nauli yenu itakatwa kwenye bei ya uongo. Angalieni tiketi kabla hamjatoa hela: daraja, namba ya gari, jina lako, kiasi. Ukikubali iandikwe 40 huku umetoa 55, hata ukilalamika huna ushahidi. Na bumu, hela ya mkopo wa chuo, likitoka msilimalizie kwenye simu mpya halafu mje kulia stendi.

Binti Makambako
Shikamoo mzee. Bumu limeingiaje hapa? Si kila aliye chuo ana mkopo. Wa cheti na diploma wengi hawamo kabisa, na wengine wanalipiwa ada tu.

Konda Mstaafu
Hakuna aliyegusa jambo lenyewe: ile nusu nyingine analipa nani? Wiki ya kufunga, basi linalotoka Dodoma au Iringa linaweza kujaa wanachuo watupu. Dizeli hainunuliwi nusu bei. Serikali isipofidia, tajiri mwenye basi atahamishia gari daraja la juu ambako nauli haipangwi na LATRA, na nyie mtabaki na magari machache ya kawaida.

Mkazi wa Hosteli
Konda subiri kwanza. Mzee wa Madaraja, hilo bumu la elfu 10 kwa siku ni la kula na kulala, na linahesabiwa siku za masomo. Likizo haimo. Chumba cha mtaani, maji, umeme na fotokopi vikitoka, inabaki nini cha simu mpya? Futa hilo neno.

Mzee wa Madaraja
Sifuti. Sijasema wote. Nauli ya kurudi nyumbani inajulikana tangu siku unayofungua chuo. Likitoka la kwanza, tenga nauli siku hiyohiyo, iweke kwenye akaunti usiyoigusa. Huko ni kupanga, mwanangu, si kutukana.

Binti Makambako
Umeshahama kutoka simu mpya hadi kutenga akiba. Bora.

Mtu wa Reli
Mnagombania bumu wakati SGR, treni ya umeme, ipo. Dar–Dodoma treni ya kawaida 31,000, safari ya kama saa nne umefika. Wa Mwanza ateremke Dodoma adake basi, atakuwa ameokoa.

Msafiri wa Ziwa
Ataokoa muda, hela hapana. Dar–Mwanza moja kwa moja ni kama kilomita 1,150, yaani 55,700 daraja la kawaida. Kwa njia yako ni 31,000 ya treni, kisha Dodoma–Mwanza kilomita 700 hivi, 33,900. Jumla karibu 65,000, na bado hujapanda bajaji. Stesheni iko upande wa Mkonze, stendi ya mabasi iko Nanenane, upande mwingine wa mji. Ukifika hapo, mabasi yanayotoka Dar yamejaa, unabaki na mpiga debe anayekupangia bei. SGR inamfaa anayeishia Morogoro, kwa 13,000, au Dodoma penyewe.

Mtu wa Reli
Basi la kawaida Dar–Dodoma ni karibu elfu 22 na linakula siku nzima. Hiyo elfu 9 ya juu ni chakula cha njiani ambacho kwenye treni huhitaji. Kwa wa Mwanza nakubali.

Konda Mstaafu
Bado nauliza nani anafidia.

Mkazi wa Hosteli
Kaka Konda, wewe tueleze mizigo. Kilo 20 ni bure kwenye tiketi, mbona godoro linatozwa kama abiria?

Konda Mstaafu
Kwa sababu godoro linakula nafasi ya buti, si uzito, na mnalileta dakika ya mwisho gari likiunguruma. Hapo bei anapanga anayepakia buti. Likunje, lifunge kamba sehemu tatu, livike sandarusi, andika jina, namba ya simu na mji kwa maka pande zote mbili. Lipeleke ofisi ya vifurushi siku moja kabla, pima, lipa, chukua risiti. Lisiposhuka, bila risiti humdai mtu. Na la inchi nne lililotumika mwaka mzima usilisafirishe Mbeya. Liuze kwa anayebaki, au liache stoo ya hosteli kwa maandishi.

Binti Makambako
Stoo ya hosteli? Panya wa huko unawajua?

Mkazi wa Hosteli
Linaninginizwa, haliwekwi chini. Pitisha kamba kwenye kenchi, sandarusi ifungwe juu na chini.

Mtoa mada
Jamani, nusu nauli?

Mzee wa Madaraja
Kwanza Binti ajibu: panya wamekula godoro au sandarusi?