Tupeane uzoefu: Kaacha kazi, makaratasi ya ofisi bado anayo. Mnayapataje?

Wakuu, mhasibu, keshia au mtunza stoo kaondoka na vitabu vya risiti, leja na hati za benki, na mkaguzi yuko njiani. Wenye kujua hatua zinazofanya kazi kwa kampuni binafsi hapa Tanzania, tupeaneni.

Mhasibu wa Kanda: Anza na orodha. Ukimwambia "rudisha nyaraka za ofisi" atajibu kwamba aliacha kila kitu mezani, nawe huna pa kumshika. Taja kitabu cha risiti namba ngapi hadi ngapi, leja ya miezi ipi, risiti za masurufu (fedha alizopewa kwa matumizi ya kazi) ambayo hajayarejesha, mkataba wa pango wenye sahihi halisi. Barua iseme siku, saa, mahali na nani atapokea. Siku saba zinatosha. Ipelekwe kwa dispachi (daftari la kupokelea barua) asaini, picha yake itumwe WhatsApp. Akigoma kusaini, mpelekaji aandike hapohapo tarehe, saa na jina la shahidi.

Afisa Utumishi: Tafadhali msizuie mshahara wake wa mwisho. Hapa ndipo waajiri wengi wanapojiharibia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imebana makato: hata kwa hasara aliyosababisha, lazima umpe nafasi ya kujieleza, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira. Hati ya utumishi nayo ni haki yake. Ukivizuia, yeye ndiye anakuwa mlalamikaji CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), ana siku 60 za kufungua madai, na makaratasi yako hakuna anayeyazungumzia tena. Wengi hushikilia nyaraka kwa sababu wanadai. Mlipe, kisha dai nyaraka kwa barua yake peke yake.

Keshia Mkuu: Wakati barua inatembea, tafuta nakala kwenye chanzo. Taarifa ya akaunti inatoka benki, ankara kwa wauzaji, michango kwa NSSF. Risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zikirudi zitoe kopi siku hiyohiyo, maana wino wa karatasi ile hufifia. Ila kitabu cha risiti chenye kurasa tupu hakina mbadala: kinaweza kutumika kupokea pesa za wateja kwa jina lenu. Waarifuni wateja mapema kwamba namba hizo hazitambuliki.

Fundi Mifumo: Msisahau simu. Kama akaunti ya kodi au ya benki inatuma namba za uthibitisho kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake, kubadilisha nywila tu hakutoshi. Omba kwa barua ya kampuni namba ibadilishwe, kabla hamjagombana.

Mtunza Stoo: Siku ya makabidhiano hesabuni kurasa, msipokee bahasha iliyofungwa. Hati iwe nakala mbili, kila ukurasa sahihi zote mbili, na kilichokosekana kiandikwe humohumo. Ukisaini "nimepokea vyote" kabla ya kukagua, dai limeishia hapo.

Mleta mada: Na polisi?

Afisa Utumishi: Barua mbili kwanza, zenye uthibitisho wa kupokelewa. Na usichukue ripoti ya upotevu ya polisi kwa nyaraka unazojua ziko kwake: hiyo ni taarifa ya uongo, na inampa yeye utetezi kwamba zilipotelea ofisini.