Mbwa aliyepata nafuu ya moyo: je, furosemidi inaweza kupunguzwa?

Mlezi wa Mbwa Mzee

Habari zenu, wataalamu na wafugaji wenzangu. Nina mbwa jike mdogo wa umri wa miaka 11, mwenye kilo 9, ambaye daktari alimsikia mvumo wa moyo upande wa kushoto, na baadaye eksirei ikaonyesha kwamba moyo umetanuka na maji yamejaa mapafuni. Alilazwa, akapewa oksijeni na sindano za furosemidi (dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo), kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani na vidonge vya aina nne: furosemidi, pimobendani, benazeprili na spironolaktoni. Sasa anakula vizuri na analala kwa utulivu, lakini anakunywa maji mengi mno, anakojoa ndani usiku, na bado anakohoa, hasa anapofurahi.

Kwa kuwa amepata nafuu, je, ninaweza kupunguza furosemidi, au angalau kumwondolea maji usiku? Na je, kikohozi hicho kinamaanisha kwamba maji yamerudi mapafuni?

Daktari wa Wanyama

Pole sana kwa kuuguza. Nianze na maji, kwa sababu hapo ndipo penye hatari ya karibu. Tafadhali usimnyime maji hata kwa usiku mmoja. Furosemidi huzuia figo zisirudishe chumvi mwilini, na chumvi inapotoka kwenye mkojo hutoka pamoja na maji. Kiu anayoipata ni njia ya mwili kufidia kilichopotea. Akikosa maji ilhali dawa inaendelea kuyatoa, damu hupungua kwenye mishipa, figo hukosa damu ya kutosha, na mbwa aliyekuwa anaugua moyo peke yake anaanza kuugua na figo pia.

Kuhusu kukojoa, kidonge cha furosemidi hufanya kazi kwa takribani saa 6, hivyo ukimpa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, sehemu kubwa ya mkojo itakuwa imetoka kabla ya usiku wa manane. Mtoe nje mara ya mwisho kabla hujalala.

Ama kupunguza dozi, hilo lifanyike kwa uamuzi wa daktari anayemtibu, na polepole. Nafuu unayoiona imeletwa na dawa. Kwa mbwa kama wako chanzo huwa kwa kawaida ni vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo; ikishanenepa na kukunjamana haiponi kwa vidonge, na damu inaendelea kuvuja kurudi nyuma kila moyo unapodunda. Ndiyo sababu mbwa aliyewahi kujaa maji mapafuni huhesabiwa kuwa katika hatua C ya ugonjwa huu, yaani hatua ya moyo kushindwa kazi, hata dalili zikitoweka. Tunachotafuta ni dozi ndogo kabisa inayoweza kuendelea kuyaweka mapafu makavu, na kwa mbwa wengi dozi hiyo haifiki sifuri.

Dozi ya pimobendani usiibadilishe kabisa. Huifanya misuli ya moyo iitikie zaidi kalisiamu, hivyo ikajikaza kwa nguvu, na wakati huohuo hutanua mishipa ili moyo usisukume damu dhidi ya kizuizi kikubwa. Katika utafiti wa QUEST uliochapishwa mwaka 2008, muda wa kati kabla ya mbwa kufa kwa moyo, kulazwa usingizi wa mwisho au tiba kushindwa ulikuwa siku 267 kwa waliopewa pimobendani, na siku 140 kwa waliopewa benazeprili. Mpe takribani saa moja kabla ya chakula, kwani chakula hupunguza ufyonzwaji wake.

Muuguzaji Mwenzako

Nami nimeuguza mbwa mwenye ugonjwa huohuo, na ningependa kuongeza jambo moja ambalo naliona kuwa na thamani kuliko kusikiliza kikohozi: hesabu pumzi zake akiwa amelala usingizi. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, uandike kwenye daftari kila siku. Mbwa ambaye dawa zinamtosha kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Hesabu ikipita hapo na ikabaki juu hata ukirudia baada ya muda mfupi, mpigie daktari siku hiyohiyo, wala usisubiri aanze kuhema.

Mfamasia wa Mifugo

Nakubaliana na waliotangulia. Kikohozi peke yake ni shahidi dhaifu, kwa sababu chumba cha juu cha kushoto cha moyo kikitanuka huweza kuegemea njia za hewa, ambazo kwa mbwa wadogo wazee mara nyingi zimelegea tayari. Kumwongezea furosemidi mbwa anayekohoa ilhali pumzi zake ni za kawaida ni kuzichosha figo bila faida.

Benazeprili, dawa inayotanua mishipa ya damu, ina mjadala. Utafiti wa VALVE wa mwaka 2020 haukuona faida ya kuongeza ramiprili, dawa ya kundi hilohilo, kwa mbwa waliokuwa tayari wanatumia furosemidi na pimobendani. Hata hivyo, wataalamu wengi bado hutumia benazeprili, hasa pamoja na spironolaktoni, nami sioni sababu ya mfugaji kuiondoa kwa uamuzi wake. Jambo la kuepuka kabisa ni kumpa dawa za maumivu kama meloksikamu bila daktari kujua, kwa kuwa zikikutana na dawa hizi za moyo, figo huweza kuumia haraka.

Mlezi wa Mbwa Mzee

Nawashukuru sana. Nimemhesabu akiwa usingizini na nimepata kati ya 22 na 26. Maji nitamwachia. Je, kubadili kwenda torasemidi kungepunguza mkojo?

Daktari wa Wanyama

Hapana. Torasemidi nayo hutoa mkojo, hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, na nguvu yake kwa kila miligramu ni takribani mara 10 hadi 20 ya furosemidi, kwa hiyo kidonge hakibadilishwi kwa kidonge. Mara nyingi tunaihifadhi kwa mbwa ambaye furosemidi ya dozi kubwa haimsaidii tena, na mbwa wako hajafika huko. Kwa hesabu hizo, omba apimwe damu kwa kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo) na potasiamu (chumvi ya damu), umwonyeshe daktari wako daftari la pumzi, na hapo ndipo mzungumze kama dozi ya jioni inaweza kushushwa kidogo. Ikishushwa, apimwe damu tena baada ya wiki 1 hadi 2, na wewe uendelee kumhesabu kila usiku.