Naomba ushauri: wasifu wa bibi yetu, mwalimu mstaafu

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Bibi mzaa mama, aliyefundisha shule za msingi Ukerewe na baadaye hapa Mwanza, alitutoka mwezi uliopita, nami nimepewa jukumu la kuandika wasifu utakaosomwa siku ya arobaini. Hati za pensheni zina mwaka mmoja wa kuzaliwa, ilhali cheti cha ubatizo kinauweka miaka mitatu nyuma. Nimewauliza wajomba, hawaafikiani. Rika lake karibu wote wametangulia.

Katika sanduku lake nimekuta daftari la mahudhurio la 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima. Wino umefifia, lakini majina ya wavuvi aliowafundisha kusoma yanaonekana, na kando ya jina moja ameandika: “Yuko ziwani, nimfundishe akirudi.” Nililia nilipolisoma, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyokuwa hata kwetu wajukuu.

Naomba kuuliza: wasifu ufuate mwaka upi? Na je, inafaa kuyasoma majina hayo mbele ya waombolezaji kabla ya kuzitafuta familia zao?